Kumbukumbu za Vita Kando ya Reli, Kambu

Nyika ya Kambu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei katika kaunti ya Makueni, iliingizwa vitani na reli. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliitegemea Reli ya Uganda kusafirisha wanajeshi na shehena kutoka Mombasa. Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kilimanjaro, wakatuma vikosi vidogo kupenya nyikani na kutega baruti chini ya vyuma. Baadhi ya watu wao waliangushwa na kiu, si risasi.

Mzigo mkubwa zaidi uliwaangukia wapagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyeitawala Machakos katika miaka ya 1890, alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu kwa nguvu, na Ukambani ikatoa vijana wake. Makueni wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Vijana hao walitwishwa masanduku ya risasi na vyakula, wakatembea hadi kusini mwa Tanganyika. Walipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kutosha kuuivisha, matumbo yakaharibika. Kuhara damu, malaria na nimonia vikamaliza kazi. Katika vikosi vyote vya Uingereza vya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 95,000. Mutisya Munge wa Wamunyu alikuwa miongoni mwa waliorudi, akiwa na ufundi wa kuchonga vinyago aliojifunza huko vitani, nao ukawa riziki ya maelfu ya Wakamba.

Sanamu ya Nairobi iliyozinduliwa mwaka 1928 inamwonyesha mpagazi akiwa na askari wenye bunduki. Ni heshima ya kweli, lakini haina jina la hata mtu mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilichelewa zaidi ya miaka 100.

Katika Vita Kuu ya Pili Wakamba waliingia King's African Rifles kwa wingi, japo muda mfupi tu kabla yake, mwaka 1938, Muindi Mbingu alikuwa ameongoza maandamano hadi Nairobi kudai ng'ombe walionyang'anywa na serikali. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikuacha kaburi; safari hii, hata hivyo, majina yaliandikwa.

Reli hiyohiyo ilipitisha waliokimbia vita. Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Stalin hadi Siberia na Asia ya Kati waliachiliwa mwaka 1941, wakavuka Iran, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakateremka katika bandari za Afrika Mashariki. Makindu, kituo kilicho mbele ya Kibwezi ukielekea Nairobi, kilikuwa na kambi yao.

Leo Kenya huwakumbuka wanajeshi wake kila tarehe 14 Oktoba, siku majeshi yalipoingia Somalia mwaka 2011. Waliouawa El Adde mwezi Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017 wana picha na wana majina. Wapagazi wa 1917 hawana. Kwa hiyo familia za Makueni na Kitui zinazohifadhi nishani, barua au simulizi za wazee wao zinafaa kuziandikisha sasa, na kaunti zifungue daftari la kuzipokea.