Lile Kanisa la Murang'a Tunalolipita Tukienda Ushago

Wasee, wangapi mmepita Murang'a mkienda ushago na hamjawahi kuingia kanisa kuu la Kianglikana, lile la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote? Mimi nililipita miaka mingi. Nilidhani ni kanisa tu kama mengine. Kumbe.

Rudi nyuma hadi 1952. Hali ya Hatari imetangazwa na Murang'a, enzi hizo Fort Hall, imeshika moto. Mau Mau wanalisha watu kiapo. Kuna Wakristo Wakikuyu, wengi wao watu wa Uamsho, waliokataa. Msimamo wao ulikuwa kwamba wameshakunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa hilo. Na usisahau, wengi wa watu hao wa Uamsho walikataa pia kubeba bunduki za serikali.

Mwaka 1955 Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaja kuweka jiwe la msingi la kanisa la kuwakumbuka. Lakini wakati huohuo mkoloni alikuwa amewasukuma watu wa huko kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na maelfu wengine walikuwa kizuizini. Hao hakuna aliyewawekea jiwe. Mau Mau wenyewe walibaki kundi haramu mpaka 2003. Yaani tulipata Uhuru na bado tukakaa miaka arobaini hivi!

Kwa hivyo najua mtu atasema hilo ni jengo la mkoloni, tuachane nalo. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nikaziona kuta.

1959, Hali ya Hatari bado haijaisha, Elimo Njau alichora humo ndani picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Njau alizaliwa 1932 kule Marangu, chini ya Kilimanjaro, na alisomea sanaa Makerere. Kijana tu, hajafika thelathini. Na Yesu wake ni Mwafrika, katikati ya nchi ya Wakikuyu. Hakuna mzungu wa nywele ndefu hapo.

Picha iliyonishika ni ya Gethsemane. Mtu anaomba usiku, akijua wanakuja kumkamata. Hebu niambie, nani Murang'a miaka hiyo hakuujua usiku kama huo? Aliyekataa kiapo aliujua. Aliyekula kiapo pia.

Cucu yangu alikuwa na kaka wawili. Mmoja aliingia msituni, mwingine akashikilia kanisa. Kwetu nilikua nikisikia habari za huyu wa kanisa pekee. Nilipotoka kuona zile picha nikampigia cucu simu, nikamuuliza jina la yule mwingine. Alinyamaza kidogo, halafu akalitaja.

Ukipita Murang'a, shuka uingie. Halafu uulize kwenu, wazee wangali wapo.