Kasha la Leisnig: Baraza la Mahali, Maamuzi Yake na Kutangazwa Kwake

Utangulizi

Kila Jumapili, katika sharika zetu nyingi, mzee wa zamu husimama kusoma matangazo. Husoma sadaka ya Jumapili iliyopita, majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, na mara nyingine maamuzi ya baraza la wazee. Baadhi yetu tulio wachungaji huyaona matangazo hayo kuwa kazi ya ofisi iliyopenyezwa ndani ya ibada, nasi hutamani yafupishwe. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uamuzi wa baraza haujakamilika mpaka wale unaowahusu waujue na wapate nafasi ya kuuliza habari zake.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Mitume na wazee waliokutana Yerusalemu, kama tusomavyo katika Matendo 15, hawakuishia kukubaliana. Waliandika barua, wakachagua watu wa kuipeleka, nayo ikasomwa mbele ya kusanyiko lote la Antiokia. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa swali hilo lilizuka upya, maana mabaraza ya miji yalianza kuamua mambo yaliyokuwa mikononi mwa maaskofu na monasteri.

Wittenberg, 1522

Tarehe 24 Januari 1522, Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, baraza la mji wa Wittenberg lilipitisha utaratibu mpya wa kanisa, nao ukachapishwa. Uliagiza kwamba mapato ya kanisa yakusanywe katika hazina moja kwa ajili ya maskini, kuombaomba kukome, na sanamu ziondolewe makanisani. Hata hivyo mji haukutulia. Wako waliojitwalia wenyewe kazi ya kuvunja sanamu, na Mtawala Mteule Frederick wa Saksonia hakuridhika na mageuzi hayo. Luther aliporudi mwezi Machi alihubiri siku nane mfululizo kuanzia tarehe 9. Alikubali mengi katika nia ya mageuzi, bali alikemea haraka isiyowajali walio dhaifu wa imani. Baraza lilikuwa limetangaza, lakini watu walikuwa hawajafundishwa. Tangazo la namna hiyo huwa amri tu.

Kufuli nne na vitabu vitatu

Leisnig ni mji mdogo wa Saksonia, kando ya mto Mulde wa Freiberg. Haki ya kumweka kasisi wa mji huo ilikuwa mikononi mwa abate wa monasteri ya Buch. Luther aliutembelea mji huo mwezi Septemba 1522, na katika Januari 1523 usharika ukatuma wajumbe kwake kuomba ushauri juu ya utaratibu waliokuwa wameuandika. Luther aliufurahia mno. Mwaka huo huo alichapisha utaratibu huo pamoja na dibaji yake, ili sharika nyingine zipate kuufuata. Kwa ajili ya watu hao hao aliandika pia kijitabu chake juu ya haki ya kusanyiko la Kikristo kupima mafundisho na kuwaita walimu wake.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mapato yote ya kanisa, ya wakfu na ya vyama vya kidini yangewekwa katika kasha moja la pamoja. Kutokana na kasha hilo wangelipwa mchungaji, mhubiri na mwalimu wa shule, pamoja na mwanamke wa kuwafundisha wasichana. Vilevile wangesaidiwa yatima, wazee wasiojiweza na maskini wa nyumbani, majengo yangetengenezwa, na nafaka ingenunuliwa na kuwekwa akiba kwa miaka ya njaa. Iwapo mapato yasingetosha, kila mmoja angetoa mchango wa mwaka kwa kadiri ya uwezo wake.

Wasimamizi wa kasha walikuwa kumi, waliochaguliwa kila mwaka na kusanyiko lote: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa mjini, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha lilikuwa na kufuli nne zisizofanana, na kila kundi kati ya hayo manne lilishika ufunguo mmoja. Kabaila hakuweza kulifungua bila mkulima, wala diwani bila raia wa kawaida. Wasimamizi walipaswa kukutana kila Jumapili, na kutunza vitabu vitatu: kitabu kikuu cha mapatano na hati za mali, kitabu cha maazimio yao, na kitabu cha hesabu za mapato na matumizi.

Tena kusanyiko lote la usharika lilipaswa kukutana mara tatu kwa mwaka. Katika mkutano wa Januari wasimamizi waliomaliza zamu walitakiwa kutoa hesabu ya mwaka mzima mbele ya watu wote, kisha wengine wachaguliwe. Wale waliokuwa wamekabidhi mali walikuwa na haki ya kusikia jinsi ilivyotumika. Hilo halikutegemea wema wa msimamizi, bali lilikuwa limeandikwa kuwa ni wajibu wake.

Baraza lililokataa

Lakini historia haikuishia katika karatasi. Baraza la mji wa Leisnig lilikataa kukabidhi kwa wasimamizi mali za wakfu lililokuwa likizishika. Madiwani walikuwa na viti viwili kati ya kumi na ufunguo mmoja kati ya minne, lakini kasha lenyewe halikujazwa. Mwezi Agosti 1523 Luther alimwandikia Mtawala Frederick kumwomba aingilie kati, wala jambo halikutengemaa. Mwaka 1524 aliandika kwa uchungu kwamba mhubiri wa mji huo, Tilemann Schnabel, huenda angelazimika kuondoka kwa sababu ya njaa. Mji ambao utaratibu wake ulisomwa mbali kama mfano ulikuwa haumlishi mhubiri wake.

Wako watakaosema kwamba utaratibu huo ulishindwa, na kwa hiyo hauna la kutufundisha. Sidhani hivyo. Kufuli nne haziwezi kulinda fedha ambazo hazijaingia kashani, na uchapishaji hauwezi kumlazimisha mwenye mali kuiachia. Lakini kwa kuwa mapatano yalikuwa yameandikwa na kutangazwa, kila mtu aliweza kulipima tendo la baraza kwa kulilinganisha nayo. Luther alikuwa na msingi wa kulalamika, na usharika ulijua kwamba kilichozuiliwa kilikuwa haki yake. Kama mapatano yangebaki kuwa siri ya wachache, njaa ya Schnabel ingeonekana kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

Fundisho kwetu

Niliwahi kuwa mwenyekiti wa baraza la wazee katika usharika mmoja ambamo tuliamua kuuza sehemu ya shamba la kanisa. Uamuzi uliandikwa vema katika kitabu cha kumbukumbu, nacho kikafungiwa kabatini. Washarika walipata habari walipomwona mnunuzi akipima mipaka. Bei ilikuwa halali na fedha zote zilikuwapo benki. Hata hivyo, kwa misimu miwili ya mavuno watu walitoa sadaka kwa mkono mzito, na mama mmoja mzee aliniuliza, "Baba Mchungaji, kwani sisi ni wageni hapa?" Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumeiba kitu, bali tuliwanyima watu wa Mungu nafasi yao katika jambo lao.

Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijali kwamba utunzaji wa mchango uwe mwema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Hatuna budi basi kujiuliza maswali matatu kila baraza linapofunga kikao: Je, uamuzi umeandikwa mahali ambapo wanaohusika wanaweza kuuona? Je, umeelezwa kwa lugha wanayoielewa, pamoja na sababu zake? Je, iko siku iliyopangwa ambapo wanaweza kuhoji na kujibiwa? Wanafunzi wa theolojia wanaojiandaa kwenda sharikani wajifunze mapema kusoma kitabu cha hesabu, na kukiweka wazi mbele ya watu bila woga. Na Jumapili ijayo, mzee wa zamu atakaposimama na karatasi yake, tusimwonyeshe saa.