Sauti Zisipotee

Mmekwisha kujua kuandika majina yenu. Leo tutaona jinsi jina lililoandikwa linavyoweza kuokoa wimbo.

Zamani mzee akifa, hadithi na nyimbo zake zilizikwa pamoja naye, isipokuwa zile walizozishika watoto wake. Baadaye vikaja vyombo vya kunasa sauti. Mwaka 1950 bwana mmoja, Hugh Tracey, alizunguka Tanganyika na Kenya na vyombo hivyo, akinasa nyimbo na ngoma. Mwaka 1954 alianzisha nyumba ya kuhifadhi sauti hizo huko Afrika Kusini. Ipo mpaka leo, katika Chuo Kikuu cha Rhodes.

Sikilizeni kisa kimoja. Mwaka ule wa 1950, huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo uitwao “Chemirocha”. Watu wa huko walikuwa wamesikia santuri za Mmarekani, Jimmie Rodgers. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Chemirocha. Wakamwimba kuwa ni kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu swala. Miaka zaidi ya 60 ikapita. Ndipo watunzaji wa nyumba ile waliporudisha nyimbo hizo Kapkatet, wakawakuta baadhi ya wazee walionaswa sauti siku zile, wangali hai.

Je, walijuaje pa kuwatafuta? Tracey aliandika kwenye kadi: mahali, lugha, jina la mwimbaji na ala iliyopigwa. Sauti isiyo na maandishi ni kama gunia lisilo na alama katika soko letu la Tengeru: mzigo upo, mwenyewe hajulikani.

Siku hizi simu ya mkononi yaweza kunasa ngano za bibi kwa Kimeru. Lakini simu haijui ni nani anayesema. Ninyi mnajua, na sasa mnaweza kuandika.

Kazi ya juma hili: mwombeni mzee mmoja ruhusa, mnase hadithi yake. Kisha andikeni daftarini jina lake, kijiji, lugha na tarehe. Akikataa, msimlazimishe, sauti ni mali yake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Tracey aliandika nini kwenye kadi zake?
2. Ni wimbo gani wa kwenu unaojulikana na wazee tu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.