Kipimo cha Maji na Mawimbi ya 2004

Ndugu zangu tuliooga pamoja Ras Kazone hatuhitaji kufundishwa bamvua na maji mafu. Bahari hujaa kwa zaidi kidogo ya saa sita, ikapwa vivyo hivyo. Anayesoma kipimo mara moja kwa saa hapotezi kitu. Kipimo cha Unguja, jirani yetu, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1984, kilikusudiwa hasa mwendo huo wa taratibu.

Tarehe 26 Desemba, 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka huko Sumatra. Mchana mawimbi ya tsunami yalifika pwani yetu. Mawimbi hayo hupanda na kushuka kwa dakika, si kwa saa. Basi ghala dogo lililomo ndani ya mtambo, ambalo mafundi huliita bafa, likawa jambo la uhai. Vipimo hukusanywa humo, kisha hurushwa kwa setelaiti kwa mkupuo. Bafa kubwa huokoa betri, lakini habari hulala. Bafa ndogo huwahisha habari, ila ikijaa kabla ya kurushwa, vipimo vipya hufuta vya zamani. Mitambo mingi ya Bahari ya Hindi wakati ule ilirusha mara moja kwa saa.

Kenya walisikia habari wakawaondoa watu ufukweni. Kwetu walikufa watu wasiopungua 10, miongoni mwao waogeleaji wa Dar es Salaam.

Baadaye mitambo ikarekebishwa ipime kila dakika na kurusha kila baada ya dakika chache. Mfumo wa tahadhari ulikamilika 2011. Miaka saba, kwa maoni yangu, ni mingi mno.