Si Msongo, Ni Kiwewe Sugu

"Msongo wa mawazo baada ya kiwewe." Ndiyo tafsiri ya maradhi yaitwayo PTSD kwa Kiingereza: maneno sita, na yale yaliyotangulizwa ndiyo yaliyopotoka. Walioketi kuyaunga walisoma kamusi, sina shaka, ila hawakusikiliza lugha ya vyuoni. Huko msongo wa mawazo ni neno la wiki ya mitihani: ada haijalipwa, tasnifu imerudishwa, mchumba amekwenda zake. Mwanafunzi akimwambia mhadhiri kwamba ana msongo, ataambiwa apumzike, na kwa neno alilotumia jibu hilo ni sahihi. Kusonga ni kubana na kukandamiza, kama mwiko usongavyo ugali. Kinachokusonga kikiondolewa, unapumua. Katika maradhi haya hakuna cha kuondoa. Tukio lilishapita, ila mwili haujaarifiwa.

Hayo "baada ya" nayo yanadai kwamba kiwewe kimekwisha, kikaacha kitu kingine nyuma yake. Lakini tazameni yaliyotokea Kenya: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Siku kumi baada ya shambulio, transfoma ililipuka kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Sisemi hao walikuwa wagonjwa. Kile kilikuwa kiwewe chenyewe, akili kupotea kwa hofu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa neno hilo. Sasa mfikirie aliyeiona Garissa kwa macho yake, ameketi ukumbini, mlango unabamizwa na upepo. Kalamu inamdondoka, moyo unamwenda mbio, na nusu saa ya mhadhara haimfikii. Kinachomshika ni kiwewe kilekile, na usiku ndicho kinachomfanya aweweseke; sikieni jinsi maneno hayo mawili yanavyoitana.

Ndiyo maana natetea "kiwewe sugu". Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa pahali pamoja: kiganja cha mkulima, paji la uso la mwenye kusujudu. Kumbukumbu nayo husugua palepale. Madaktari wa akili wa Marekani, walioyaingiza maradhi haya katika kitabu chao cha uainishaji mwaka 1980, wanataka dalili zizidi mwezi mmoja ndipo wayataje kwa jina. Sugu inaubeba mpaka huo; msongo hauujui. Wapo wanaohofia kwamba sugu ni kumkatia mgonjwa tamaa. Mbona kikohozi sugu kinatibiwa kila siku, na hakuna anayechimbiwa kaburi kwa kuandikiwa maumivu sugu? Wengine wanashikilia "jeraha la nafsi" kwa kuwa neno "trauma" lilitoka kwa Wagiriki likiwa na maana ya jeraha. Jeraha linataja kilichompata mtu zamani, halitaji kinachompata leo darasani.

Matumizi ni mepesi: "Mwanafunzi huyu ana kiwewe sugu, apewe kiti karibu na mlango na muda wa ziada wa mtihani." Barua hiyo mhadhiri hawezi kuijibu kwa "pumzika". Wahariri wa miongozo ya vyuo, nawaomba: futeni msongo kabla ya muhula kuanza.