Mwalimu wa Jioni na Taa za Maegesho

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilisoma masomo ya jioni katika chuo kimoja cha jamii nchini Marekani. Somo lilikuwa uandishi, nalo lilianza saa moja usiku, wakati watu wa ofisini walikwisha kufunga milango yao na kwenda makwao. Mwalimu wetu hakuwa na ofisi. Madaftari yetu aliyasahihisha nyumbani, vitabu vyake vilikaa kwenye buti la gari, na aliyetaka kusema naye faragha alimkuta ameegemea gari hilohilo. Kipindi kilipokwisha, kama saa nne kasorobo, hakuondoka. Alisimama chini ya taa ya maegesho mpaka mwanafunzi wa mwisho awashe gari au apande basi. Siku moja nilimwuliza kama hiyo nayo ni kazi aliyopangiwa na chuo. Akacheka. Alisema hakuna aliyempangia; ila kwa saa ile ya usiku, chuo ni yeye.

Mwisho wa mwaka chuo kilifanya sherehe ya kuwatunuku walimu. Sisi wanafunzi wake tukaenda kupendekeza jina lake. Karani akatufungulia jalada la sera na kutuonyesha kwa kidole: tuzo ni ya walimu wa ajira ya kudumu. Wetu alikuwa wa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Katika jalada hilohilo, kurasa chache mbele, palikuwa na sera ya usalama. Hiyo ilisema kwamba mwalimu aliyeko darasani ndiye mwenye dhamana ya wanafunzi wake inapotokea hatari. Haikubagua wa kudumu na wa muda.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza sera hizo mbili zilitoka wapi, na kwa nini moja ilimwona mwalimu wetu na nyingine haikumwona. Nimejifunza kwamba zote mbili hazikuzaliwa na ukarimu wa wakuu wa vyuo. Zilizaliwa na malalamiko, kesi na misiba.

Kwanza yafaa nieleze vyuo hivi ni vyuo gani. Msomaji wa kwetu asivichanganye na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, ingawa nia zao zinakaribiana. Chuo cha jamii hutoa masomo ya miaka miwili baada ya sekondari. Anayemaliza aweza kwenda kazini, au kuhamia chuo kikuu akamalizie shahada. Kilicho kikongwe kuliko vyote vya umma vya aina hii kilianza mwaka 1901 huko Joliet, katika jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi sita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi walisaidiwa na sheria ya mwaka 1944 kwenda kusoma. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikashauri vyuo vya namna hii visambazwe nchi nzima, karibu na watu. Katika miaka ya sitini pekee vilifunguliwa kwa mamia.

Karibu na watu: hapo ndipo ubora wake, na hapo ndipo penye shida yake. Vingi kati ya vyuo hivi havina mabweni. Mwanafunzi hutoka kazini, huegesha gari, huingia darasani, hutoka, huondoka. Mwalimu naye mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Hakuna bwalo la chakula ambapo watu huzoeana sura. Mahali ambapo wote hupita, kila siku, ni maegesho ya magari. Chuo cha namna hii ni lazima kijiulize swali ambalo chuo chenye mabweni hakijiulizi sana: nani ni mtu wetu, na tunawajibika kwake kwa lipi?

Kwa upande wa walimu, swali hilo lilikuwa la zamani. Mwaka 1915 wahadhiri wa vyuo vikuu vya Marekani walianzisha chama chao cha kutetea uhuru wa taaluma, na mwaka 1940 chama hicho, pamoja na jumuiya ya vyuo, kilitoa tamko ambalo limekuwa msingi hadi leo. Mwalimu akishapita kipindi cha majaribio, kisichozidi miaka saba, apewe ajira ya kudumu, na asiondolewe ila kwa sababu nzito iliyothibitishwa. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko medali yoyote: kwamba chuo kinakutambua kuwa ni wake hata unaposema jambo kisilolipenda. Lakini vyuo vya jamii vilichelewa kuliandika jambo hilo, na vingine havikuliandika kabisa.

Hapo ndipo alipoingia Robert Sindermann. Alikuwa amefundisha miaka kumi katika vyuo vya umma vya jimbo la Texas, na minne ya mwisho alikuwa katika chuo cha miaka miwili cha mji wa Odessa, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Katika mwaka wa masomo wa 1968 hadi 1969 alikuwa rais wa chama cha walimu wa vyuo vya namna hiyo katika jimbo zima. Mara kadhaa aliacha darasa akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati za bunge la jimbo, na aliunga mkono chuo kipandishwe kiwe cha miaka minne, jambo ambalo bodi ya chuo haikulitaka. Mei 1969 bodi iliamua kutompa mkataba mpya. Ilitoa taarifa kwa magazeti ikimtuhumu kwa utovu wa utii, lakini yeye mwenyewe haikumpa maelezo rasmi ya sababu wala nafasi ya kusikilizwa.

Chuo kilijitetea kwamba hakina utaratibu wa ajira ya kudumu, kwa hiyo hakuna kilichovunjwa. Sindermann akafungua kitabu cha mwongozo cha chuo hichohicho. Humo chuo kilikuwa kimeandika, baada ya kukana kuwa na utaratibu huo, kwamba kinapenda mwalimu ajione yuko kazini kwa kudumu maadamu anafundisha vizuri na ana ushirikiano. Juni 1972 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ikasema kwamba maneno kama hayo, pamoja na desturi ya chuo, yaweza kumpa mwalimu haki ya kusikilizwa hata kama mkataba wake haukuitaja. Na kwamba kukosa ajira ya kudumu hakumwondolei mtu ulinzi wa uhuru wake wa kusema. Kumbe sera haikuwa pambo la kabati. Ilikuwa ahadi.

Vyuo vikajifunza. Vingine viliboresha miongozo yao. Lakini palikuwa na njia ya pili, iliyo rahisi zaidi: kuajiri watu ambao hakuna ahadi iliyoandikwa kwao. Leo kama theluthi mbili ya walimu wa vyuo vya jamii vya umma ni wa muda. California ilijaribu kuzuia hali hiyo kwa sheria ya mwaka 1988 iliyoweka lengo kwamba robo tatu ya masaa ya kufundisha yashikwe na walimu wa kudumu. Hata hivyo sheria za jimbo hilohilo humzuia mwalimu wa muda asipite asilimia 67 ya mzigo wa kudumu katika wilaya moja ya vyuo, naye ili ale huzunguka wilaya mbili au tatu kwa gari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amepewa jembe tangu siku ya kwanza, lakini miaka ishirini baadaye bado anaitwa mgeni.

Sasa tugeukie usalama. Aprili 1978 mwanafunzi mmoja wa chuo cha jamii cha San Francisco alikuwa akipanda ngazi katika maegesho ya chuo, mchana, akiwa na kibali alicholipia. Mtu akamrukia kutoka kwenye miti na vichaka vilivyoachwa vikasongamana kando ya ngazi. Ikabainika kwamba pahali palepale wengine walikwisha kushambuliwa, chuo kikajua, na wala hakikuwaonya wanafunzi. Kesi yake ilikwenda hadi mahakama ya juu ya California, na mwaka 1984 mahakama ikaamua kwamba wilaya ya chuo ina wajibu wa kupunguza vichaka na kuwaonya watu juu ya hatari inayoijua. Haikusema chuo kina wajibu wa kuweka polisi kila kona. Ilisema kile ambacho mama yeyote angesema: ukijua pana nyoka njiani, fyeka, na mwambie anayepita.

Miaka miwili baadaye, Aprili 1986, mwanafunzi wa miaka 19 aitwaye Jeanne Clery aliuawa bwenini katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walikuja kujua kwamba uhalifu mwingine wa nguvu ulikwisha kutokea katika viwanja vya chuo bila wao kuambiwa. Hawakunyamaza. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria, ambayo tangu mwaka 1998 hubeba jina la binti yao. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali za kuwasaidia wanafunzi, kiwe na mabweni au kisiwe nayo, sharti kitangaze takwimu za uhalifu za miaka mitatu na sera zake za usalama, na kitoe tahadhari kwa wakati. Baada ya watu 32 kuuawa katika chuo cha Virginia Tech tarehe 16 Aprili 2007, ambapo barua pepe ya kwanza ya onyo ilitoka saa mbili baada ya risasi za kwanza, sheria iliongezewa mwaka 2008: hatari ikishathibitishwa, watu waambiwe mara moja.

Ripoti hiyo ya kila mwaka hutakiwa iwe imetoka ifikapo tarehe 1 Oktoba. Tarehe 1 Oktoba 2015, katika chuo cha jamii cha Umpqua karibu na mji wa Roseburg, jimbo la Oregon, mtu mwenye bunduki aliingia katika darasa la uandishi. Aliua watu tisa: wanafunzi wanane na mwalimu wao. Kugongana kwa tarehe ni sadfa tu. Lakini mimi niliposoma habari ile sikuweza kuifikiria ripoti wala takwimu. Nilifikiria darasa la uandishi, na mtu aliyesimama mbele yake.

Ndipo nilipoelewa kwamba sera zile mbili, zilizowekwa mbalimbali jaladani, ni sera moja. Taa zaweza kuwashwa, vichaka vikafyekwa, ujumbe wa simu ukatumwa kwa sekunde chache. Yote hayo ni mazuri, na yamelipiwa kwa damu. Lakini darasani saa tatu usiku, anayejua ni mwanafunzi gani amebadilika, nani haji tena, nani anamkimbia mume mkali, ni mwalimu. Anayejua mlango upi haufungi ni mwalimu. Iwapo hana ofisi, hana simu ya chuo, haitwi mikutanoni, wala hajui kama muhula ujao atakuwapo, atampelekea nani anachokijua? Na ataogopa kiasi gani kulalamika kwamba taa imeungua, ikiwa mkataba wake unaweza kuishia hapo pasipo neno?

Sisemi medali ingemlinda mtu na risasi. La hasha. Nasema kwamba chuo huwalinda wale kinaowahesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye kumtambua mtu kwa jina. Mahakama iliwaambia wa Odessa kwamba maneno yao kwa mwalimu yana uzito. Mahakama iliwaambia wa San Francisco kwamba kujua bila kusema ni kosa. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, unapata sera nzima ya chuo chema, nayo haizidi ukurasa mmoja.

Mwalimu wetu hakupata tuzo mwaka ule. Tulimchangia, tukamnunulia tochi kubwa, tukampa usiku wa mwisho pale maegeshoni. Aliiwasha, akaielekeza kwenye ngazi, akatuhesabu mmoja mmoja tukishuka.