Shamba, Jiko na Mbegu Mpya: Historia ya Uboreshaji wa Maharage Morogoro

Insha hii inatetea hoja kwamba, katika historia ya uboreshaji wa maharage Morogoro, mavuno mengi na ukinzani dhidi ya magonjwa havikutosha kuipa mbegu mpya nafasi shambani. Jiko nalo lilikuwa na kauli.

Maharage, ambayo asili yake ni bara la Amerika, yalistawi katika miinuko ya Uluguru, hususan Mgeta, kwa sababu ya ubaridi na mvua. Hata hivyo, unyevu huohuo hulea magonjwa kama vile ndui na kutu. Kablanketi, aina ya kienyeji inayopendwa sana, huathiriwa kwa urahisi na magonjwa hayo. Pamoja na udhaifu huo, wakulima hawakuiacha, kwani ina ladha nzuri na huiva upesi. Kwa kaya inayobeba kuni kichwani mlimani, kuiva upesi si anasa.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilitoa aina ya SUA 90 mwaka 1990. Mavuno yake yalikuwa ya kuridhisha, lakini punje zake ndogo za rangi ya kaki hazikulingana na mazoea ya walaji wengi. Mwaka 1997 ilifuata Rojo, yenye punje kubwa zaidi. Baadaye watafiti waliigeukia Kablanketi yenyewe, wakaichavusha na aina kinzani ili kuipa kinga bila kuipotezea sifa zake.

Mageuzi hayo yanaeleweka vyema yakilinganishwa na mpango wa kikoloni wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta na kuzua ghasia mwaka 1955. Matuta yaliweza kuamriwa, walau kwa muda. Mbegu haiamriki kwa urahisi huo. Aghalabu ua la harage hujichavusha lenyewe, hivyo mkulima huweza kutunza mbegu yake msimu hadi msimu na kumgawia jirani. Mbegu asiyoipenda huila au huiuza, na isipopandwa tena hutoweka kijijini.

Kwa hiyo, wapishi na wakulima wa Uluguru hawapaswi kuandikwa katika historia hii kama wapokeaji tu wa mbegu bora. Uteuzi wao ulishiriki kuamua ni sifa zipi ziboreshwe.